Maisha ya Daktari Ludwig Guttmann, Aliyewatoa Waliopooza Kitandani Akawapeleka Uwanjani

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya daktari Ludwig Guttmann, ambaye jina lake lajulikana katika nchi nyingi. Hakuwa mfalme wala jemadari. Wala hakuvumbua dawa ya kuunga uti wa mgongo uliokatika, maana dawa hiyo haijapatikana hata leo. Kazi yake ilikuwa nyingine. Aliwakuta watu waliohesabiwa kuwa wamekwisha kufa, ingawa walikuwa bado wanavuta pumzi, naye akaikataa hesabu hiyo. Aliwaponya vidonda, akawafundisha kazi, kisha akawapa upinde na mpira. Wengi walimcheka hapo mwanzo, wakaona ni ajabu kumpa mchezo mtu asiyeweza kusimama. Someni habari zake, mpate kuamua wenyewe.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, katika Silesia ya Juu. Nchi hiyo zamani ilikuwa chini ya Kaisari wa Ujerumani. Siku hizi mji huo uko Poland, nao waitwa Toszek. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa yake walihamia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe na tanuru za chuma. Katika mji wa namna hiyo ajali ni jambo la kila siku, na hospitali ya walioumia kazini haikosi watu.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Guttmann alijitolea kuwa mtumishi katika hospitali hiyo. Siku moja akaletwa kijana mchimba makaa, mtu mwenye mwili wa nguvu, aliyevunjika mgongo mgodini. Guttmann akaanza kuandika habari za ugonjwa wake kwa uangalifu, kama afanyavyo mwanafunzi mwenye bidii. Lakini akaambiwa asijisumbue kuandika mengi, kwa kuwa baada ya majuma machache mtu yule atakuwa amekufa. Wakamfunga plasta ngumu, wakamtenga na wenziwe. Ikawa kama walivyosema: baada ya majuma matano yule kijana alikufa. Guttmann alimkumbuka maisha yake yote. Jambo lililomchoma si kufa kwake tu, bali kwamba wale waliokuwa na kazi ya kumponya walikwisha kumwacha kabla hajafa.

Inafaa tueleze kidogo ugonjwa huu, maana wengi hawaujui vema. Ndani ya mifupa ya mgongo mna uti mlaini kama kamba, ushukao kutoka ubongoni. Kwa njia ya uti huo amri za kwenda na kushika hufika katika viungo, na habari za maumivu, joto na baridi hurudi kichwani. Mfupa ukivunjika na uti ukapondeka, viungo vilivyo chini ya mahali pale hukosa nguvu na hisi. Akiumia kiunoni au kifuani, miguu hupooza. Akiumia shingoni, na mikono pia hupungukiwa nguvu. Tena kibofu cha mkojo hakitii amri ya mwenyewe.

Lakini zamani hawakufa kwa sababu ya uti wenyewe, bali kwa mambo mawili yanayoufuata. La kwanza ni vidonda. Mtu mzima akilala, hujigeuza hata usingizini, kwa sababu mwili humwuma. Aliyepooza haoni maumivu, basi hulala juu ya upande mmoja muda mrefu, damu hukosa njia, nyama hufa, na kidonda huchimba mpaka mfupani. La pili ni mkojo. Ukikaa kibofuni huoza, ugonjwa hupanda mpaka figo, na sumu huingia damuni. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 hukadiriwa kwamba askari wanane katika kila kumi walioumia hivyo walikufa, nao hawakukawia kufa. Ndiyo maana waganga walisema hakuna la kufanya. Na kwa kuwa hawakufanya lo lote, wagonjwa walikufa, na maneno yao yakaonekana kuwa kweli.

Guttmann alisoma uganga huko Breslau na katika vyuo vingine, akapata shahada yake ya udaktari huko Freiburg mwaka 1924. Kisha akarudi Breslau, akawa mwanafunzi wa Profesa Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa magonjwa ya ubongo na neva wakati ule. Foerster alikuwa mtu wa kazi isiyo na mapumziko, na mwanafunzi wake alichukua tabia hiyo. Muda si mwingi Guttmann alikuwa msaidizi wake wa kwanza, na watu walianza kumtaja miongoni mwa madaktari wa neva walio bora katika Ujerumani.

Lakini mwaka 1933 Hitler alishika utawala, na Wayahudi wakafukuzwa katika kazi za serikali na hospitali za watu wote. Guttmann akaondolewa. Akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Wayahudi ya Breslau, na mwaka 1937 akafanywa mganga mkuu wake. Wengine walimshauri aihame nchi, lakini yeye alikawia, akitumaini kwamba wazimu ule utapita.

Haukupita. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yalitiwa moto katika Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na wanaume wakakamatwa kwa maelfu wapelekwe katika makambi ya mateso. Guttmann akawaamuru watumishi wa hospitali wampokee kila mtu atakayekuja mlangoni, bila kumwuliza ana ugonjwa gani. Watu 64 wakalazwa usiku ule. Asubuhi polisi wa siri, waitwao Gestapo, wakafika kudai sababu ya wagonjwa wengi hivyo kwa usiku mmoja. Guttmann akawachukua kitanda kwa kitanda, akawaeleza ugonjwa wa kila mtu kwa sauti ya daktari asiye na shaka, na mengine ya magonjwa hayo aliyatunga palepale. Katika watu wale 64, 60 waliokoka wasikamatwe. Kama maafisa wale wangaligundua jambo hilo, yeye mwenyewe angalikwenda kambini pamoja nao. Siku ile alijua hakika kwamba nchi ile si yake tena.

Njia ya kutoka ilifunguka kwa namna isiyotazamiwa. Serikali ileile iliyomnyima hati ya safari ilimpa ruhusa aende Ureno kumtibu rafiki wa Salazar, aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo. Katika kurudi alipita London, na huko wataalamu wa Kiingereza waliokuwa na chama cha kuwasaidia wenzao waliofukuzwa wakamwandalia mahali. Mwezi wa Machi 1939 alivuka bahari pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, Dennis na Eva. Wakakaa Oxford, akafanya kazi ya uchunguzi katika chuo na hospitali. Alipewa chumba cha kusomea na vitabu, lakini wagonjwa hakupewa. Kwa mtu aliyezoea kuwatibu kwa mikono yake, hiyo ilikuwa miaka mizito.

Mwaka 1943 serikali ya Uingereza ilikuwa ikifanya matayarisho ya kuvuka kwenda Ufaransa kupigana, nayo ilijua kwamba askari wengi watarudishwa wakiwa wamevunjika migongo. Ikatafuta daktari wa kuongoza hospitali ya watu hao. Kazi hiyo haikutamaniwa na wengi. Ilidhaniwa ni ya kungoja watu wafe. Guttmann akaikubali, ila alitaka sharti moja: aachiwe kuifanya kwa njia yake mwenyewe, bila mtu kumwingilia. Wakamkubalia. Tarehe 1 Februari 1944 hospitali ile ikafunguliwa huko Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Haikuwa nyumba ya fahari, ila mabanda marefu tu, na vyombo vilikuwa vichache.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuziondoa zile plasta ngumu zilizowafunga wagonjwa kama maganda, maana chini yake ndiko vidonda vilikoota. La pili, akaweka amri kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa hata mara moja. Wauguzi wengine walinung'unika, kwa maana kazi ilikuwa nzito na usiku ni mrefu. Basi yeye mwenyewe alikuwa akitokea saa za usiku wa manane, akapita vitandani kuhakikisha kwamba amri yake yafuatwa. La tatu, kazi ya kutoa mkojo kwa mpira aliitaka ifanywe kwa usafi mkubwa, na hapo mwanzo aliifanya kwa mkono wake mwenyewe, ingawa ilihesabiwa kuwa kazi duni kwa daktari wa cheo chake. Dawa mpya ya penisilini nayo ilikuwa imeanza kupatikana, ikasaidia. Vidonda vikaanza kufunga, homa zikapungua, na watu waliotazamiwa kufa wakabaki hai.

Hapo likatokea jambo ambalo waganga wa zamani hawakuhitaji kulifikiri. Mtu huyu asiyekufa ataishi vipi? Vijana wenye miaka ishirini walikuwa wamelala wakitazama dari. Wengine walikuwa na wachumba, nao hawakutaka kuwaona. Wengi waliona haya kupita kiasi, wakajiona ni mzigo kwa mama zao. Guttmann aliona kwamba kumponya mtu kidonda na kumwacha bila kazi wala furaha ni kufanya nusu ya uganga. Akaleta mafundi, na wagonjwa wakafundishwa useremala, utengenezaji wa saa, na kupiga chapa kwa mashine. Aliwaharakisha hata walimkasirikia. Alikuwa mtu mkali, mwenye sauti kubwa na Kiingereza chenye lafudhi ya kwao, wala hakuwaonea huruma ya namna ile ambayo humwachia mgonjwa alale. Walakini wagonjwa walimwita kwa jina la baba.

Michezo ilianza kwa jambo dogo. Wagonjwa walikaa katika viti vya magurudumu, wakashika fimbo, wakawa wakisukumiana kigao cha mbao kwa fujo na vicheko. Guttmann na askari mmoja aliyekuwa mwalimu wa mazoezi wakaingia vitini wenyewe, wakacheza nao. Hapo ndipo daktari alipotambua kitu. Mtu yule aliyekataa kuinua mkono wake alipoamriwa na mwalimu wa viungo, sasa aliunyosha mkono uleule kwa nguvu zake zote, kwa sababu alitaka kushinda. Mchezo ule ulikuwa wa kuumizana mno, ukaachwa. Mahali pake pakawekwa mpira wa kutupia kikapuni, mpira wa meza, na zaidi ya yote kupiga shabaha kwa upinde na mshale.

Kwa nini upinde? Daktari alikuwa na sababu zake. Mtu aliyepooza miguu hana msaada wa kiuno. Akiketi hupepesuka kama mtoto anayejifunza kukaa. Kuuvuta upinde huimarisha mikono, mabega, kifua na misuli ya mgongo ile iliyosalia, na kumfundisha mwili wake upya namna ya kukaa sawasawa. Tena katika kupiga mishale mtu wa kiti aweza kushindana na mtu wa miguu, kwa kuwa shabaha haiulizi mpigaji amesimama au ameketi. Kwa kijana aliyedhani ameondolewa miongoni mwa wanaume wenziwe, jambo hilo lilikuwa dawa isiyopatikana katika chupa.

Tarehe 29 Julai 1948 michezo mikubwa ya Olimpia ilifunguliwa huko London mbele ya mfalme na makundi ya watu. Siku ileile, katika majani ya Stoke Mandeville, watu 16 wenye viti vya magurudumu walishindana kupiga mishale: wanaume 14 na wanawake 2. Kundi moja lilikuwa la hospitali hiyo, na la pili lilitoka katika nyumba ya askari walemavu iliyoko Richmond. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Mwaka uliofuata Guttmann alitangaza wazi tumaini lake, kwamba siku moja michezo ya waliopooza itakuwa na heshima sawa na ile ya Olimpia. Waliomsikia walitabasamu kwa adabu.

Mwaka 1952 askari waliopooza walitoka Uholanzi wakaja kushindana, na michezo ikawa ya mataifa. Mwaka 1956 Halmashauri ya Olimpia ilimpa Guttmann na kazi yake kikombe cha heshima. Na mwaka 1960, siku chache baada ya Olimpia ya Rumi, michezo yake ikafanywa katika mji huohuo. Wakaja wachezaji 400 kutoka nchi 23. Nyumba walizopewa zilikuwa zimejengwa juu ya nguzo na kufikiwa kwa ngazi, basi askari wa Italia wakawabeba wachezaji na viti vyao kupanda na kushuka. Papa Yohana wa 23 akawapokea, akamlinganisha Guttmann na yule Mfaransa aliyeifufua michezo ya Olimpia.

Katika Rumi palikuwa na mwanamke mmoja ambaye habari zake zinatugusa sisi wa Afrika. Jina lake Margaret Maughan. Alikuwa mwalimu wa shule huko Nyasaland, nchi iitwayo sasa Malawi, na mwaka 1959 gari lilipinduka, akavunjika mgongo. Akarudishwa Uingereza, akalazwa Stoke Mandeville. Huko akatiwa upinde mikononi. Mwaka mmoja tu baada ya ajali yake alishindana huko Rumi, akapata nishani ya dhahabu ya kupiga mishale. Alikuwa amekwisha kupanda basi pamoja na wenzake, wala hakujua kwamba ameshinda, mpaka walipokuja kumtafuta. Huyu ni Mwingereza wa kwanza kupata dhahabu katika michezo hiyo. Baadaye alirudi katika kazi ya kufundisha, na miaka 52 baada ya Rumi, michezo ilipofika London mwaka 2012, yeye ndiye aliyeuwasha mwenge mkubwa mbele ya ulimwengu. Alifariki mwaka 2020, baada ya kuishi miaka zaidi ya 60 tangu siku ile ya ajali. Ukumbuke yule mchimba makaa, aliyeishi majuma matano.

Mwaka 1964 michezo ilikwenda Tokyo. Mwaka 1972 ikafanywa Heidelberg, katika nchi ya Ujerumani iliyomfukuza Guttmann. Yeye akarudi huko akiwa na miaka 73, na rais wa nchi akaifungua michezo ile. Wachezaji walikuwa karibu 1,000. Miongoni mwao walikuwapo watu wa Kenya na Uganda, ambao nchi zao ziliingia kwa mara ya kwanza. Tanzania ilifuata mwaka 1992 huko Barcelona. Mwaka 1976, katika Toronto, vipofu na waliokatwa viungo nao walikaribishwa, na tangu hapo mlango haukufungwa tena.

Haifai kumfanya mtu kuwa hana kasoro. Guttmann alipenda kutawala, na mara nyingi hakusikia shauri la mwingine. Tena aliwalinda wachezaji kama baba anayewalinda watoto waliokwisha kukua. Kwa muda mrefu mbio za viti zilikuwa fupi sana. Lakini watu aliowafundisha kutojidharau waliendelea mbele kuliko yeye alivyotazamia, na mwaka 1984, baada ya kufa kwake, mbio ndefu ya marathoni ikaingizwa katika michezo yao. Huenda hii ni sifa kwa mwalimu, kwamba wanafunzi wamempita.

Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir mwaka 1966, na mwaka 1969 akakifungua kiwanja cha michezo cha Stoke Mandeville. Mwaka 1976 wataalamu wa Royal Society wakamchagua kuwa mmoja wao. Mwezi wa Oktoba 1979 moyo wake uliugua, na tarehe 18 Machi 1980 akafariki, mwenye umri wa miaka 80. Mwaka 2012 binti yake Eva alikuwa mkuu wa kijiji cha wachezaji huko London.

Basi, mtu atauliza, michezo hii yamfaa nini aliyepooza? Leo waganga wanajua zaidi ya walivyojua mwaka 1948, nao wanathibitisha mengi aliyoyaona Guttmann. Mtu akaaye siku nzima bila kujinyosha, moyo wake hudhoofika na unene humlemea. Kusukuma kiti kwa bidii huutia moyo nguvu. Mapafu hupanuka, na kifua hakishikwi na ugonjwa upesi. Mikono ikipata nguvu, mtu aweza kujihamisha mwenyewe kutoka kitini mpaka kitandani, tena kujiinua kitini mara kwa mara ili damu ipite katika nyama anayoikalia, na kwa hiyo vidonda hupungua. Anajifunza kukiendesha kiti chake njiani bila kuanguka. Usingizi huwa mzuri, na huzuni hupungua. Tena hupata rafiki waliopata mapigo yaleyale, nao humfundisha mambo ambayo daktari mwenye miguu hayajui.

Lakini michezo yataka akili, na ni lazima kuyataja pia ya kuangaliwa. Mabega hayakuumbwa kuwa miguu. Yakitumiwa kupita kiasi huchakaa na kuuma, basi na yapumzishwe. Aliyepooza hatoi jasho vema chini ya mahali alipoumia, kwa hiyo katika jua kali mwili wake huchemka upesi: apewe kivuli na maji. Baada ya mchezo ngozi ya makalio itazamwe, kama pana wekundu au mchubuko. Na aliyeumia juu, kifuani au shingoni, akishikwa ghafula na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, aketishwe wima, nguo za kubana zilegezwe, na kibofu kitazamwe upesi kama kimejaa au mpira wake umejikunja, maana damu yake yaweza kupanda kwa hatari. Hali isipotulia mara moja, apelekwe hospitali bila kungoja. Jambo hili Guttmann mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliolichunguza, mwaka 1947.

Ninyi walimu wa mitaa mwaingia katika nyumba nyingi kuliko madaktari. Mwajua nyumba ambazo ndani yake kuna kijana aliyeanguka katika mnazi au mwembe, au aliyepinduka na gari au pikipiki, naye amelazwa chumba cha nyuma. Wageni wakija, mlango wake hufungwa. Watu wa nyumba si wabaya. Wamechoka, nao waliambiwa kwamba hakuna la kufanya. Mkiingia humo, ulizeni kwanza kama anageuzwa kila saa mbili, na kama ngozi yake ni nzima. Kisha ulizeni kama yuko mtu aliyempeleka hospitali afundishwe kuutunza mkojo, na kama amepata kiti. Na mambo hayo yakiisha kutengenezwa, msitoke bado. Ulizeni alikuwa akipenda kazi gani na mchezo gani kabla hajaumia. Wavulana wa shule wanaocheza uwanjani jioni waweza kukisukuma kiti chake mpaka pale, wakamtupia mpira. Hapo mwanzo hataudaka. Mtupieni tena.